Kijiji, Mtaa na Shamba: Historia ya Wakulima wa Iyunga Katika Maneno

Katika orodha ya kata za mkoa wa Mbeya jina Iyunga linajitokeza mara mbili. Kata ya Iyunga imo ndani ya Jiji la Mbeya, upande wa magharibi, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kata ya Iyunga Mapinduzi imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, yaani vijijini. Ya kwanza inajulikana kwa viwanda na kwa shule yake ya sekondari. Ya pili ni ya wakulima. Jina ni moja, lakini yale yanayotendeka chini ya jina hilo yametengana kabisa, na neno lililoongezwa ili kuzitofautisha kata hizo, Mapinduzi, si la Kisafwa wala la lugha jirani. Ni neno la Kiswahili, na ni neno la siasa.

Mhadhara huu unahusu historia ya wakulima wa eneo hilo, waliokuwa wakilima miteremko na mabonde chini ya safu ya milima ya Mbeya kabla mji haujakuwapo. Jamii ndogo za namna hii hazikuacha nyaraka zao wenyewe. Zilizoandikwa ni nyaraka za watu wengine juu yao: barua za wamisionari, taarifa za mabwana shauri, takwimu za sensa, vitabu vya wanaanthropolojia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwanaisimu ana hazina nyingine ya kuchunguza, nayo ni maneno, na kwamba mabadiliko makubwa yaliyowapata wakulima hao yaliingia kila mara kwa njia ya kubadilishwa jina la kitu. Makazi yaliitwa kijiji. Kijiji kiliitwa mtaa. Shamba likaitwa kiwanja. Kila jina lilikuja na sheria yake mgongoni.

Tahadhari juu ya majina ya mahali

Ni kawaida, kila jina la mahali linapotajwa, kuulizwa maana yake, na ni kawaida pia jibu kupatikana upesi kupita kiasi. Jina Mbeya lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kisafwa lenye maana ya chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walifika hapo kubadilishana mazao kwa chumvi. Maelezo hayo yanasimuliwa sana na yamo hata katika maandishi ya serikali. Huenda ni ya kweli. Hata hivyo, mwanafunzi wa isimu hana budi kukumbuka jinsi majina haya yalivyoingia katika ramani. Yaliandikwa na makarani wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza, kwa herufi tano za irabu, bila alama za toni. Kinyakyusa kina irabu saba. Katika maandishi ya Kiswahili mbili kati ya hizo hupotea. Kisafwa, kwa upande wake, hutumia toni, na maneno mawili yanayofanana katika karatasi yanaweza kuwa maneno tofauti kabisa masikioni mwa mzee wa Kisafwa. Kwa hiyo jina Iyunga halielezeki kwa kulitazama lilivyoandikwa katika kibao cha kituo cha basi. Linahitaji kusikilizwa.

Ambalo linaweza kuonwa hata katika karatasi ni muundo. Ukisoma majina ya kata za jiji, unakutana na Iyunga, Itende, Iwambi, Ilemi, Ilomba, Iyela, Isyesye, Itezi, Igawilo, Iganzo, Iziwa. Kiambishi i- kinarudiarudia kiasi kwamba hakiwezi kuwa cha bahati. Pamoja na hayo yapo majina kama Mwakibete na Mwansekwa, yenye mwa- ambayo katika Nyanda za Juu Kusini ni alama inayofahamika ya majina ya watu na koo. Halafu, katikati ya mji, muundo unageuka ghafla: Majengo, Mabatini, Maendeleo, Forest, Ghana. Anayetembea kutoka pembezoni kuelekea katikati anavuka mpaka wa lugha bila kuonyeshwa alama yoyote. Majina ya pembezoni ni ya watu waliokuta ardhi wakaipa jina. Majina ya katikati ni ya mji uliojengwa kwa amri, ukapewa majina ya vifaa na matumaini yake: mabati, majengo, maendeleo.

Jina Utengule linafundisha jambo jingine. Leo iko Utengule Usangu, katika wilaya ya Mbarali, na iko Utengule Usongwe, katika wilaya ya Mbeya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mtawala wa Wasangu, Merere, aliposhindwa kustahimili nguvu ya Wahehe, alihamia upande wa Usafwa na kuweka boma lake huko. Jina la makao makuu lilihama pamoja naye. Wasafwa waliolima maeneo hayo wakajikuta chini ya mtawala mgeni, na ardhi yao ikabeba jina la mji wa mbali. Merere alirejea Usangu baada ya Wajerumani kuivunja nguvu ya Wahehe katika miaka ya 1890, jina lilibaki.

Neno kijiji

Kiswahili kina njia ya kudogosha nomino zenye mzizi wa silabi moja kwa kuongeza ki- na -ji-. Kutokana na mto hupatikana kijito, kutokana na mti kijiti, kutokana na mtu kijitu. Kwa kanuni hiyohiyo mji huzaa kijiji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifahamu kanuni hii, lakini ni nadra kuulizwa inasema nini juu ya historia.

Mzizi huu umeenea sana katika lugha za Kibantu. Kibemba kina umushi, Kichewa kina mudzi, Kizulu kina umuzi. Katika lugha hizo maana yake ya msingi ni makazi ya watu wanaoishi pamoja, mara nyingi ndugu: nyumba kadhaa, zizi, jalala, makaburi. Waswahili wa pwani waliishi katika makazi ya mawe yenye bandari, na kwao mji ukapanda cheo hadi kuwa makazi makubwa yenye soko na msikiti, ingawa hata leo kusema mji wa mtu kwa maana ya nyumbani kwake si kosa, na mji wa mimba bado ni mji. Kwa kuwa mji ulikwisha kupanda, palihitajika neno la kushukia chini. Ndipo kijiji. Neno hilo, basi, tangu kuzaliwa kwake linapima makazi ya wakulima kwa kipimo cha mji: ni mji uliopungua. Mkulima wa Usafwa hakuwa akiishi katika kitu kilichopungua. Aliishi kwake.

Utofauti huo si wa maneno matupu, kwa sababu jamii za wakulima wa eneo hili hazikufanana hata zenyewe kwa zenyewe. Alan Harwood, aliyefanya utafiti kwa Wasafwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza jamii ambamo undugu wa ukoo na ukaaji wa pamoja vilisukana, na ugomvi wa ndani ya kundi la ndugu ulifahamika kwa istilahi tofauti na ugomvi wa nje. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, mwendo wa siku moja au mbili kusini, Monica Wilson na mumewe Godfrey walikuta katika miaka ya 1930 utaratibu ulioishangaza dunia ya wasomi. Wavulana waliofikia umri wa miaka kama kumi au kumi na mmoja waliacha kulala nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na kundi hilo la rika likakua na kuwa makazi kamili, wakiongeza wake na watoto. Baba na mwana hawakukaa mahali pamoja, marafiki walikaa. Neno lao kuu lilikuwa ukwangala, yaani ile raha ya kukaa na wenzako, kula pamoja na kuzungumza. Kitabu cha Wilson kilichapishwa mwaka 1951 na kimesomeshwa katika vyuo vingi.

Watafiti waliofuata, akiwamo Simon Charsley mwaka 1969, walitilia shaka kama utaratibu huo uliwahi kuwa mkamilifu kiasi kile. Mashaka hayo yana msingi. Lakini hata ukiyakubali yote, jambo moja linabaki: utaratibu wa rika ulihitaji ardhi ya kutosha ili kila kizazi kipewe mahali pake, na ulidhoofika ardhi ilipopungua na kahawa, ambayo ni mti wa kudumu, ilipomfunga mtu kwenye kipande kimoja. Mkulima wa ndizi na maharage anaweza kuhama na marafiki zake. Mkulima wa kahawa hawezi kuhama na mikahawa yake, na humrithisha mwanawe. Zao lilibadili undugu, na Wilson mwenyewe alirudi kulieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1977.

Mazao na majina yake

Katika mabonde ya Usafwa na Unyiha zao lililoheshimiwa zamani lilikuwa ulezi. Ulifanya chakula, ulifanya pombe, na bila pombe hapakuwa na kazi ya pamoja shambani wala shauri lililomalizika. Wanyiha wa Mbozi, jirani wa magharibi, walikuwa na mfumo wa kulima mbuga za nyasi ulioitwa nkomanjila, wa kurundika nyasi pamoja na udongo wa juu kabla ya kupanda ulezi. Mwanajiografia C. Gregory Knight aliuchunguza mfumo huo na kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1974. Kiswahili hakina neno moja la nkomanjila. Ofisi ya kilimo ilipotaka kuuzungumzia ilibidi itumie sentensi nzima, na kisicho na jina katika lugha ya ofisi huonekana haraka kuwa si elimu bali ni mazoea.

Tazama sasa mazao yaliyofuata. Mahindi, ambayo asili yake ni bara la Amerika, yana jina la Kiswahili linaloielekeza India. Kahawa ina jina la Kiarabu. Pareto, iliyoenea katika maeneo ya baridi ya mkoa, ina jina lililotoka Kiingereza na kufupishwa kinywani mwa wakulima. Kila zao lilifika na jina lake kama mgeni anayefika na cheti. Ulezi peke yake una mzizi uliomo katika lugha za mahali. Kinyakyusa kina neno la mzizi uo huo. Hali hii haina maana kwamba wakulima walipokea tu. Dhahabu ilipopatikana katika eneo la Lupa, huko Chunya, katika miaka ya 1920, na mji wa Mbeya ulipoanzishwa mwaka 1927 kuhudumia shughuli hizo, wachimbaji walihitaji kula. Wakulima wa mabonde ya jirani waliuza mahindi, maharage na ndizi, na wengi wao walijifunza lugha ya mauzo kabla ya kuingia darasani. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, kwa sababu machimbo yalikusanya watu wa kila upande.

Inafaa kulitilia mkazo jambo hili, kwani mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kiliingia vijijini kwa shule na kwa siasa ya uhuru. Katika Nyanda za Juu Kusini wamisionari wa mwanzo hawakukipa nafasi ya mbele. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na Utengule ya Usafwa mwaka 1895, na walichagua kuhubiri na kuandika katika lugha za wenyeji. Uchaguzi huo ndio uliotuachia maandishi ya Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi kwa miaka mingi miongoni mwa Wasafwa na kuchapisha juu yao huko Berlin, kati ya 1926 na 1929, kazi yenye masimulizi ya Kisafwa chenyewe. Yeye pia ndiye aliyehifadhi habari za maisha ya wanawake kama Narwimba na Chisi, waliotekwa na kuhamishwa mikononi mwa mabwana mbalimbali mwishoni mwa karne ya 19. Mwanahistoria Marcia Wright alizirejea na kuzichambua mwaka 1993. Ukizisoma habari hizo, unaona mkulima wa wakati ule alihofia nini. Hakuhofia sana ukame. Alihofia kukosa watu wa kumdai pale atakapochukuliwa.

Maneno yaliyotoka ofisini

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, msamiati wa kilimo ulianza kushuka kutoka juu kwa kasi. Mwaka 1972, katika mji wa Iringa, chama kilitoa azimio lililojulikana kwa jina la Siasa ni Kilimo. Baadaye ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Bwana shamba, ambaye siku hizi huitwa afisa ugani, alileta pembejeo, mbolea ya chumvichumvi na mbegu bora. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, iliyo mbali na Dar es Salaam, ikapata faida ya kuuza bila kubeba gharama halisi ya umbali. Mahindi yaliufunika ulezi. Bei hiyo ilipoondolewa pamoja na ruzuku, wakulima walibaki na zao lenye njaa ya mbolea, na neno ruzuku wakalikumbuka kwa uchungu hadi liliporudi mwaka 2008 kwa jina la vocha.

Katika kipindi hichohicho neno kijiji lilipata maana ambayo halikuwa nayo. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kufikia mwisho wa mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1975 ikakifanya kijiji kuwa chombo cha kisheria chenye mipaka, uandikishaji na halmashauri. Tangu hapo kijiji si makazi tu, ni mamlaka. Watu waliohamishwa kutoka kwenye miteremko waliyoipa majina, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, waliishi katika vijiji, na mashamba yao ya zamani yakawa nyuma, na majina ya mashamba hayo yakawa na watu wachache wa kuyataja. Umbali wa kutembea kila asubuhi kwenda shamba la zamani umeelezwa sana katika maandishi ya uchumi. Upotevu wa majina haukuandikwa, kwa kuwa haukuwa na safu katika fomu.

Hata hivyo haitakuwa haki kuliona neno hilo kuwa la hasara tupu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo huwajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Neno lililoletwa kwa amri liligeuka kuwa ngao. Mkulima mwenye hati ya hakimiliki ya kimila katika Iyunga Mapinduzi ana mahali pa kusimama na kusema.

Kutoka shamba hadi kiwanja

Iyunga ya jijini ilielekea njia nyingine. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Ilipita Mbeya, na viwanda vikafuata reli na barabara ya Zambia. Mojawapo ya viwanda vya Mbeya kilikuwa cha Zana za Kilimo, ZZK, kilichokusudiwa kutengeneza majembe. Mbeya ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Idadi ya wakazi wake ilikuwa 266,422 katika sensa ya 2002, 385,279 katika ile ya 2012, na 541,603 mwaka 2022.

Mji unapopanuka hauhamishi watu kila mara; huhamisha neno. Kijiji kinapomezwa na mamlaka ya mji hubadilishwa kuwa mtaa. Mwenyekiti anaweza kubaki yuleyule, na mkutano ukaitishwa chini ya mti uleule. Lakini mtaa hauna halmashauri yenye mamlaka juu ya ardhi. Ardhi yake huondoka chini ya Sheria Na. 5 na kuingia chini ya Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo wa 1999, na maamuzi huhamia jijini. Ni hapo shamba linapogeuka kiwanja. Tofauti ya maneno haya mawili inastahili kutafakariwa na mwanasemantiki. Shamba hutajwa kwa kinachoota ndani yake: shamba la mahindi, shamba la migomba. Kiwanja, ambacho mzizi wake ni wanja, yaani mahali peupe, hutajwa kwa namba na kwa kitalu, na thamani yake hupimwa kwa meta za mraba. Anayeuza shamba hujua anachokiacha. Anayeuza kiwanja ameshaombwa akiri, kwa neno lenyewe, kwamba hapo palikuwa peupe.

Lugha nazo zilifuata. Wasafwa wanaoiita lugha yao Ishisafwa walikuta majirani wapya wenye Ikinyakyusa, Ichindali, Ishinyiha, pamoja na Wakinga, Wabena na Wahehe waliofuata biashara na ajira. Tazama viambishi hivyo: iki-, ichi-, ishi-. Ni ngeli moja kwa sura tatu, na Kiswahili huzifuta zote kwa ki- yake fupi. Katika mtaa wenye lugha nyingi Kiswahili ndicho cha wote, na watoto hawana sababu ya kuchagua lugha ya babu wa jirani. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, iliweka lugha hizi katika ramani na idadi ya wazungumzaji wake. Msamiati wa kilimo haumo katika ramani ya namna hiyo, nao ndio wa kwanza kupungua, maana mtoto anaweza kusalimia kwa Kisafwa bila kujua jina la udongo.

Wakati mwingine majina ya mahali hupata maisha mapya yasiyotarajiwa. Uyole, upande wa pili wa jiji, kuna kituo cha utafiti wa kilimo, na mbegu za maharage zilizozalishwa hapo zimeitwa Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Uyole Njano. Mkulima wa mkoa mwingine ambaye hajawahi kufika Mbeya anapanda Uyole shambani mwake na kuila jioni. Jina la makazi limekuwa jina la mbegu, na mbegu hubebwa mbali kuliko jina lolote la kibao.

Jiji la Mbeya lina kata 36, na majina ya kata hizo yako salama katika orodha ya serikali. Yasiyo katika orodha yoyote ni majina ya vijito, ya miteremko, ya vipande vya shamba na ya aina za udongo, ambayo bado yanafahamika kwa wazee wa pembezoni mwa jiji na wa vijiji vya wilaya. Kazi ya kuyakusanya, pamoja na toni zake na urefu wa irabu zake, haihitaji vifaa vikubwa. Inahitaji kinasa sauti, mzee aliyelima mahali hapo, na mwanafunzi anayekubali kutembea naye shambani asubuhi, kwa sababu majina hayo hayatajwi vizuri watu wakiwa wamekaa ndani.